Bi Mkubwa Asiguswe

Nina mke mwenza, na mimi ndiye ninayemfuta vumbi. Anakaa karakanani kwetu, kwenye chumba cha nyuma kisicho na dirisha, juu ya meza ya zege iliyojengwa kwa ajili yake tu ili asitikisike. Ni sanduku la chuma la kijivu, ukubwa wake kama begi la shule. Mafundi wanaliita osileta ya fuwele. Mimi, tangu siku mume wangu alipomaliza kulitengeneza kwa mikono yake, miaka ya ujana wetu, akawa analikumbuka hata mezani, nikaliita Bi Mkubwa. Nililiita kwa wivu, lakini jina likaganda, na leo hata wateja wanauliza hali yake kwa jina hilo.

Ndani yake mna kipande cha fuwele chembamba, kimewekwa katika tanuri dogo linalokitunzia joto lile lile usiku na mchana. Ukikipa umeme kinatetemeka, na kinatetemeka kwa mwendo mmoja, mamilioni ya mapigo kila sekunde, hakichoki wala hakisinzii. Watu wenye mitambo inayotaka mapigo sahihi, redio za magari ya wagonjwa, vipimo vya maabara, mashine za vyuoni, wanatuletea tuilinganishe na Bi Mkubwa. Tukiridhika tunabandika muhuri wetu. Hiyo ndiyo kazi yetu. Bi Mkubwa akiwa mwongo, basi na sisi ni waongo, na muhuri wetu ni karatasi ya kufungia karanga.

Basi mwaka jana mume wangu akapata kiharusi. Alianguka bafuni asubuhi, mswaki mkononi. Ile siku siisimulii, mniwie radhi. Alipona, nashukuru, ila upande wa kulia uligoma, na maneno yakawa yanamtoka moja moja, kila neno mpaka alitafute. Daktari akanivuta pembeni. "Mama, huyu mzee asipewe habari za kumshtua." Nikasema nimesikia.

Haukupita muda, habari ya kumshtua ikapatikana. Bi Mkubwa alianza kuyumba.

Karakanani tulikuwa tumebaki wawili, mimi na wifi yangu, dada wa mume wangu anayemfuata kuzaliwa. Yeye kasomea umeme chuoni. Mimi nilifundishwa na mume wangu pale pale mezani, na kila mmoja wetu anaijua kazi. Tuliheshimiana sana. Nikisema tuliheshimiana, wanawake wenzangu wamenielewa. Ni "umeamkaje wifi", "salama wifi, wewe je", "chai hiyo wifi", basi, kila mtu na meza yake. Hatukuwahi kugombana hata mara moja, maana kugombana kunataka mazoea, na sisi tulikuwa tunaogopana.

Sasa, kila baada ya miaka kadhaa anakuja mkaguzi kutoka ofisi ya vipimo. Anashinda na Bi Mkubwa, anamlinganisha na mapigo yanayotumwa na setilaiti, anatazama kama ametulia, kisha anasema kama bado anafaa. Safari hii alikuwa amepanga kuja mwisho wa mwezi. Akisema hafai, tunanyang'anywa muhuri, na karakana inabaki ya kutengeneza pasi na feni. Hilo ningelivumilia, pasi nazo zina wenyewe. Nilichokuwa siwezi ni kurudi nyumbani nikamwambie mtu anayejifunza upya kushika kijiko kwamba kile alichokitengeneza mikono yake ikiwa mizima kimefia mikononi mwangu. Niliamini kabisa kwamba nikimwambia hivyo, namuua.

Naye kila jioni aliuliza. Sijavua hata viatu, sauti inatoka kwenye kiti chake: "Bi... Mkubwa?"

"Mzima," nasema. "Anakusalimu."

Halafu naingia jikoni, nafungulia bomba, naosha vikombe visafi.

Niwaambie jinsi ilivyoanza. Wakati wa mume wangu hakuna aliyemgusa Bi Mkubwa, hata yeye mwenyewe. Fuwele zote zinazeeka, mapigo yanasogea kidogo kidogo, ndiyo maumbile yao. Mume wangu alikuwa anajua Bi Mkubwa amesogea kiasi gani, anaikata ile tofauti kwenye hesabu yake, maisha yanaendelea. Nami nilikuwa nalijua hilo. Lakini asubuhi ile ya kwanza, yeye amelala hospitali, nimefungua chumba peke yangu, nikaona kwenye kioo cha kipimo chetu namba ya Bi Mkubwa iko chini ya namba ya setilaiti kwa unywele tu. Siku nyingine ningepita. Siku ile moyo ukaniambia, mwenyewe hayupo na huyu ameshaanza kwenda kombo. Nyuma ya sanduku kuna kifuniko kidogo, na chini ya kifuniko kuna skrubu ya kurekebishia mapigo. Nikachukua bisibisi nikakaza kidogo. Namba zikalingana. Nikapumua kama mtu aliyemlaza mgonjwa wake vizuri kwenye mto.

Kesho yake yuko chini tena. Nikakaza. Kesho kutwa, chini. Nikakaza. Ikawa ndiyo kazi yangu ya alfajiri, kabla wifi hajafika, na sikumwambia. Nimwambie nini? Kwamba kaka yako hata hajatoka wodini na mimi nimeshaanza kuchokonoa kitu chake? Nikameza.

Na kadiri nilivyorekebisha, ndivyo alivyoharibika. Mwanzoni alikuwa anasogea tu. Baadaye akawa anaruka. Mlango wa mbele ukifunguliwa, upepo ukaingia, namba zinacheza. Mtu akiwasha birika la umeme chumba cha pili, namba zinaruka. Bi Mkubwa huyu huyu ambaye zamani ungeweza kumpigia ngoma mlangoni asigeuke! Nikajua fuwele imepasuka ndani, au ile gundi inayoishikilia imeachia, na hayo hayana dawa. Nilikonda. Majirani wakadhani ni kuuguza, wakanipa pole, nami nikazipokea.

Siku moja, zimebaki wiki kama mbili mkaguzi aje, nikaingiza bisibisi kama kawaida yangu. Skrubu haikwenda. Nikajaribu tena kwa nguvu, mkono ukateleza. Ilikuwa imegota, imefika mwisho kabisa, hakuna tena pa kukaza.

Nilikaa chini, palepale sakafuni, na suti yangu ya kazi safi. Wifi akanikuta hivyo. Alikuwa amewahi kuliko siku zote, na macho yalikuwa mekundu.

"Wifi, kaa," nikamwambia.

"Sikai. Nina neno, nikikaa sitalisema."

"Na mimi ninalo. Bi Mkubwa amekufa."

Nilidhani atapiga ukelele. Akashika ukingo wa meza tu. "Najua," akasema. "Jana volti iligota mwisho. Sikulala."

"Volti gani?"

Akaniangalia kama nimeuliza jua ni nini. Akainama, akavuta kitambaa chini ya ile meza ya zege. Palikuwa na kisanduku chenye kitufe cha kuzungusha, waya umepanda mpaka ndani ya Bi Mkubwa. Miaka yote nikikifutia vumbi, nikidhani ni cha taa. Kumbe nacho kinarekebisha mapigo, kwa umeme, bila kufungua kifuniko.

"Unakizungusha tangu lini?" nikauliza.

"Tangu kaka alipolazwa. Mchana, ukienda kumpelekea chakula. Namba zinakuwa juu, mimi nazishusha."

"Juu?"

"Juu, wifi. Kila siku juu."

"Mimi asubuhi nazikuta chini. Nazipandisha."

Akakitazama kisanduku, kisha akanitazama mimi.

"Unazipandisha na nini?" akauliza, polepole.

Nikainua bisibisi.

Hapo, nisiwafiche, nilimpasukia. Nilimwambia yote niliyokuwa nimeyakalia tangu siku ya harusi yangu, hata yasiyohusiana na umeme. Nilimwambia ni mtu wa kunyata, ni mtu wa siri, chuo chake hakikumfundisha kuuliza. Naye, yule mpole wa "umeamkaje wifi", akanijibu. Loo, alinijibu. Akasema mimi nimelishika sanduku la kaka yake kama sufuria ya kwangu, nafungua kifuniko kila alfajiri, naingiza hewa ya baridi kwenye tanuri, halafu nasoma namba kabla joto halijarudi. Akasema, "Yaani unampima mtu homa umemtoa kwenye maji ya barafu!" Nikaishusha bisibisi, kwa sababu ilikuwa kweli.

Nilimwona anapiga hesabu. Akakaa sakafuni karibu nami, akavua viatu.

"Wifi," akasema. "Ukikaza asubuhi, hewa imeingia, unapata namba ya uongo. Mchana joto likirudi, anapitiliza, anakwenda juu. Ndiyo ninayoikuta mimi. Nazungusha volti, namshusha. Usiku anamalizia kutulia, anaishia chini. Ndiyo unayoikuta wewe."

"Kwa hiyo mimi namvuta pembe, wewe unamvuta mkia."

"Na mbuzi kasimama katikati, ametokwa macho, tunasema ana kichaa."

Nikauliza la birika. Mbona anaruka kwa birika? Akafikiri, akasema kwamba fuwele yenyewe ni ngumu, haijali birika. Lakini hivi vya kurekebishia, skrubu na volti, ndivyo dhaifu. Joto likibadilika kidogo vinabadilika, umeme ukitikisika vinatikisika. Vikiwa katikati na vinagusa kidogo tu, udhaifu wao hauonekani. Sisi tumevisukuma mpaka mwisho, kimoja huku kingine kule, fuwele ikawa haisimami tena kwa miguu yake. Imeegemea magongo mawili mabovu.

"Sasa fuwele yenyewe?" nikauliza. "Imepasuka?"

"Sidhani hata kama inajua kuna jambo."

Hakuwa mgonjwa. Muda wote ule Bi Mkubwa hakuwa mgonjwa, alikuwa anasumbuliwa. Kicheko kikanitoka bila ruhusa, na wifi akacheka, tukacheka tukishikana mabega kwenye ile sakafu mpaka fundi seremala wa jirani akaja kuchungulia kuna nini. Tukamwambia hakuna kitu, tumefiwa na mtu ambaye hajafa. Akaondoka akitikisa kichwa.

"Nahodha wengi chombo huenda mrama," akasema wifi akijifuta macho.

"Wengi? Wawili tu, na nusura kizame."

Siku hiyo hiyo tukarudisha skrubu katikati na volti katikati, tukafunga kifuniko. Kisha likaja gumu kuliko yote, nalo ni kukaa bila kufanya kitu. Fuwele ikishavurugwa inataka siku nyingi itulie, na katika siku hizo unatakiwa utazame tu. Mimi hapo ndipo kasoro yangu ilipo. Nikiona uzi umening'inia kwenye nguo ya mtu nauvuta, sembuse namba. Wifi hakunibembeleza. Alichukua bisibisi zote akazitia kwenye mkoba wake, anaondoka nazo jioni na kurudi nazo asubuhi. Nami nikaking'oa kile kitufe cha volti nikakiweka kwenye pochi yangu. Mkononi mwake mna silaha yangu, mkononi mwangu yake. Tukaelewana vizuri sana.

Siku za kwanza Bi Mkubwa alinuna. Namba ilikimbia vibaya, mstari wa tofauti kwenye kioo ukapinda kama mkia wa paka.

"Subira yavuta heri," anasema wifi.

"Na ngoja ngoja huumiza matumbo. Nipe moja tu, ile ndogo."

"Sikupi."

Tukawa tunakaa meza moja, maana kila mmoja alikuwa anamchunga mwenzake. Mtu ukimchunga mtu kutwa nzima lazima mtazungumza. Nikajua wifi anaogopa radi. Akajua mimi nadanganya nyumbani, akasema na yeye kaka yake akimuuliza anajibu vile vile, "mzima". Tulikuwa tumetunga uongo mmoja bila kupatana.

Siku moja, juma la pili limeshapita nusu, nikaingia na kitambaa changu cha vumbi, nikatazama kioo, nikasimama. Mstari ulikuwa umenyooka. Haukuwa kwenye sifuri ya kulingana na setilaiti, ulikuwa juu ya sifuri kwa nafasi inayoonekana, na ulikuwa unapanda polepole mno, lakini ulikuwa umenyooka kama uliopigwa kwa rula. Nikamwita wifi. Tukasimama pale tunautazama, hakuna aliyetaka kusema neno asije akaukoroga.

Mkaguzi alikuja siku aliyoahidi. Alikuwa mtu mrefu mwenye maumivu ya mgongo, akakataa kiti, kazi yote akaifanya amesimama. Kabla hajaingia chumba cha nyuma nilikuwa nimeshamnong'oneza wifi: "Hayuko sifuri. Atasema ana kosa. Nikaze kidogo tu, hatajua." Wifi akaukumbatia mkoba wake kwa mikono miwili, akaniambia nikimsogelea ataniuma. Na kwa sura aliyokuwa nayo, nilimwamini.

Yule bwana akafunga vyombo vyake, akatazama, akangoja. Saa zikaenda. Akafungua mlango, akaufunga kwa kishindo, akatazama tena. Halafu akageuka akauliza kama kuna uwezekano wa kupata chai. Wifi akaenda chumba cha pili akawasha birika. Nilisikia ule mlio wa swichi. Nikaikazia macho namba. Namba haikutikisika. Maji yakachemka, yakamiminwa, chai ikaletwa, na namba iko pale pale, Bi Mkubwa hajageuza hata shingo.

"Yuko juu kidogo," akasema mkaguzi.

"Ndiyo," nikasema.

"Na anapanda."

"Ndiyo."

"Kwa mwendo ule ule tangu nilipofika. Basi hilo halina shida, tofauti mnaijua, mnaikata kwenye hesabu." Akanywa chai. "Nani anamrekebisha siku hizi, mzee akiwa nyumbani?"

Mimi na wifi tukatazamana.

"Hakuna," tukasema pamoja.

"Vizuri. Endeleeni hivyo hivyo. Amefaulu."

Tulimsindikiza kwa heshima zote mpaka kwenye gari, tukapunga mikono, tukarudi ndani, tukafunga mlango, na wifi akalia kwa sauti kama mtoto aliyepatikana sokoni. Mimi sikulia. Nilijihisi mwepesi tu, mwepesi wa ajabu, kama nimetua ndoo niliyosahau kwamba ninayo kichwani. Tukafunga karakana mapema. Nikamwambia wifi, twende nyumbani, leo nasema ukweli wote na wewe uwe shahidi.

Tulimkuta kwenye kiti chake karibu na dirisha, anaminya mpira kwa ule mkono mgonjwa. Kabla hajauliza nikapiga magoti mbele yake nikamwaga yote: skrubu, volti, birika, mkoba wa wifi, mkaguzi, nilivyomdanganya jioni baada ya jioni. Nilisema haraka, nikiutazama mkono wake, naogopa kutazama uso. Nilipofika kwenye mbuzi, nikasikia anacheka. Kilikuwa kicheko cha upande mmoja, kibovu, na sijapata kusikia kitu kitamu hivyo.

"Nilijua," akasema.

"Ulijua nini?"

"Unadanganya." Akatafuta neno, akalipata. "Ulikuwa unajibu... kabla sijamaliza kuuliza. Nikasema, basi... amekufa. Zamani. Nikamzika... hapa." Akagusa kifua kwa mkono mzima.

Nikamtazama. Yaani alikuwa ameshalia msiba wake peke yake, na hakufa, na wala hakuzidiwa. Mimi hofu ile ndiyo iliyokuwa imenikondesha.

"Sasa kama ulijua," nikasema, na hasira zikaanza kunipanda, "mbona kila siku ulikuwa unaniuliza? Kila siku ya Mungu, hata viatu sijavua?"

Akachukua muda mrefu. Wifi alitaka kumsaidia neno, nikamzuia kwa mkono.

"Nilikuwa nangoja," akasema mume wangu, "ulie. Tangu nianguke... hujalia. Nilikuwa nakufungulia mlango."

Ndipo nikalia. Nililia kichwa kikiwa mapajani pake, nikalia bafu na mswaki na wodi na vile vikombe visafi vyote, na yeye akanipapasa nywele kwa mkono ule mgonjwa, ukiteleza na kurudi, ukiteleza na kurudi. Nikasikia wifi anataka kuuweka vizuri ule mkono. Mume wangu akamwambia auache.